Vikombe vya Meza ya Bwana: vipi vinalifaa kanisa linalotaka kutunza uumbaji

Kikombe cha plastiki cha Meza ya Bwana kina kimo cha milimita 35 hivi na uzito wa kama gramu 1. Kazi yake ni funda moja. Kikishanywewa kinarudi kwenye sinia, kinamiminwa na wenzake kwenye mfuko wa taka, na washirika wanatoka kanisani wakiimba. Tathmini hii imeanzia kwenye kikombe hicho, wala si kwenye umeme wa jua au upandaji wa miti, kwa sababu hii ni taka ambayo kanisa linainunua lenyewe, linaigawa kwa mikono ya wahudumu wake na kuitupa ndani ya ibada ya kumshukuru Mungu kwa zao la ngano na la mzabibu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, na hakuna kibali cha kusubiri ili kuiacha.

Hesabu yake ni nyepesi. Usharika wa watu 200 unaoshiriki mara moja kwa mwezi hutumia vikombe 2,400 kwa mwaka. Unaoshiriki kila Jumapili hutumia 10,400. Kwa uzito si mzigo mkubwa, kwani vile 2,400 havifiki hata kilo 3, na chupa za maji za kongamano moja zinaweza kuzidi hapo. Ubaya wa kikombe hiki uko kwenye udogo wake na aina ya plastiki yake. Vingi hutengenezwa kwa polistirini, ile plastiki ngumu inayong'aa, yenye namba 6 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Ukikibana kwa vidole hakibonyei, hupasuka vipande vyenye ncha. Mitambo ya kuchambua taka huchuja vitu kwa ukubwa, na kitu kisichofika sentimita 5 hupenya kwenye matundu na kuangukia upande wa uchafu. Kwa hiyo hata kanisa linalotenga plastiki zake kwa uaminifu kabisa na kuzipeleka panapostahili, vikombe hivi haviendi kufanywa kitu kingine. Vinaishia dampo, mtaroni, au kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya jengo. Hapo kwenye shimo ndipo pabaya zaidi, maana polistirini ikiungua hutoa moshi mweusi mzito wenye masizi na kemikali ya stairini, na wanaouvuta ni mlinzi, watoto wa shule ya Jumapili na majirani.

Wapo wanaojaribu kuviosha na kuvitumia tena. Nia ni njema, lakini kikombe hakikuundwa kwa kazi hiyo. Polistirini huanza kulegea kabla maji hayajachemka, hivyo huwezi kukitakasa kwa maji ya moto bila kukipinda, na kikioshwa kwa maji baridi mara kadhaa hupata nyufa nyembamba mdomoni. Nyufa hizo hushika uchafu na zinaweza kukata mdomo wa mtu. Kama ni vya kutupa, vitupwe. Dawa ni kununua vya aina nyingine.

Kabla ya kufika kwenye vile vizuri, kuna mitego miwili ya kuonya.

Mtego wa kwanza ni kikombe kinachoitwa cha kuoza. Kwa macho kinafanana na cha plastiki, ni cheupe na chepesi, na katoni yake ina picha ya jani. Mara nyingi ni plastiki ya PLA, inayotengenezwa kwa wanga wa mimea. Ni kweli inaoza, ila kwenye mitambo ya mboji inayodumisha joto la nyuzi 58 hadi 60 kwa majuma kadhaa. Ukiifukia kwenye shimo la kawaida la mboji, mwakani unakikuta kikombe kizima, kimebadilika rangi tu. Kikichanganyika na plastiki nyingine hukiharibu kile kilichokusudiwa kuyeyushwa upya. Kina kasoro nyingine ndogo ambayo wahudumu huigundua wakiwa wamechelewa: PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na katoni iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani hutoka na vikombe vilivyopinda visivyosimama kwenye sinia. Kama hakuna mtambo wa mboji unaovipokea, usilipie lile jani. Vikombe vya karatasi navyo vipite haraka, kwani vingi vina utando wa plastiki ndani, la sivyo vingevuja.

Mtego wa pili ni kikombe cha tayari, chenye juisi iliyofungwa na mkate mwembamba juu yake. Kilienea sana mwaka 2020 wakati wa korona, na kwa wakati ule kilikuwa na sababu nzuri. Shida ni kwamba makanisa mengi hayakurudi nyuma. Kikombe hiki kina tabaka tatu: plastiki ya kikombe, utando wa kwanza unaofunika mkate, na wa pili, ambao aghalabu una karatasi ya alumini, unaofunga juisi. Tabaka hizo zimegandishwa kwa gundi na joto, hazitenganiki, na zimelowa sukari. Ndicho kikombe chenye taka nyingi kuliko vyote kwa kila funda. Kwa matumizi pia hakiridhishi. Utando wa juu ni mwembamba kiasi kwamba vidole vya mzee vinazibambua tando zote mbili kwa pamoja, juisi inamwagikia kitenge au shati jeupe, na wakati wa ukimya kanisa zima linasikika likichana karatasi. Maisha yake rafuni ni mafupi pia, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12, kwa hiyo katoni iliyonunuliwa kwa wingi ili kupunguza gharama huishia kutupwa ikiwa haijafunguliwa. Mahali pake panapofaa ni kitandani kwa mgonjwa wa hospitali na kwa mfungwa, ambapo mhudumu hawezi kubeba sinia. Hapo kinastahili. Kwenye ibada ya Jumapili hakistahili.

Sasa tuje kwenye vikombe vya kudumu, vya kioo na vya chuma cha pua. Inafaa kukumbuka kwamba vikombe vidogo vya mtu mmoja mmoja vilianza miaka ya 1890 huko Marekani, baada ya Robert Koch kuonyesha mwaka 1882 kwamba kifua kikuu kinasababishwa na kijidudu na watu kuanza kuogopa kikombe kimoja cha pamoja. Vilivyotumika siku zile vilikuwa vya kuoshwa. Kwa hiyo anayesema kuosha vikombe ni jambo geni kwenye Meza ya Bwana amegeuza historia. Cha kutupa ndicho mgeni.

Kioo kina sifa moja ambayo hakuna kingine kinachoifikia: kinasema ukweli. Ukikiinua kwenye mwanga unaona kama ni safi au la, unaona alama ya mdomo, unaona ufa. Divai ndani yake inapendeza. Hakishiki harufu wala ladha. Kasoro yake ni kuvunjika, na si kuvunjika kwa kuanguka tu. Kioo cha kawaida kikitolewa kwenye maji baridi na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka huweza kupasuka, kwa sababu ngozi ya nje inatanuka kabla ya ile ya ndani. Kipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Unaponunua, ongeza asilimia 10 hadi 15 juu ya idadi ya washirika. Kila kikombe kipitishwe kidole mdomoni kabla ya kujazwa, na chenye kibanguo hata kidogo kama punje ya mchele kitolewe. Kikivunjika kimoja kwenye sinia lililokwisha kujazwa, usiokoe vilivyobaki. Kibanzi cha kioo hakionekani ndani ya divai. Sinia lote limwagwe, vikombe vioshwe upya.

Kioo kikifanya ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni, kiloweke kwenye siki ya uvuguvugu kwa dakika 10. Ukungu ukitoka, ilikuwa ni chokaa ya maji magumu, na dawa ni kusuuza mwisho kwa maji ya mvua au yaliyochujwa. Usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa na sabuni kali ya mashine, na hakitarudi.

Chuma cha pua hakivunjiki, na kwa usharika wenye watoto wengi, au unaobeba vifaa kwenda kwenye mitaa na vituo vya mbali, hilo peke yake linamaliza mjadala. Seti iliyotunzwa itazidi umri wa wahudumu walioinunua. Tafuta chuma cha daraja la 304, ambacho wauzaji wengi hukiita 18/8. Sumaku itakusaidia kutambua, kwani ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha daraja la chini kinachopata kutu mapema. Ikinata kidogo sana au isiponata, ni dalili nzuri, ingawa peke yake haithibitishi kwamba ni 304. Kisha chunguza mdomo wa kikombe. Vya bei ya chini hukatwa na kuachwa hivyo hivyo, na makali yake huyasikia ulimi. Vingine mdomo umekunjwa kwa nje, jambo zuri kwa midomo, lakini mkunjo usiobanwa vizuri huficha maji. Kikung'ute kikombe kilichotoka kuoshwa juu ya kitambaa kikavu, na kama tone linatoka kwenye mkunjo, usikichukue. Kinachofaa kina mdomo uliosuguliwa mviringo au uliokunjwa na kufungwa kabisa.

Kasoro ya chuma ni kwamba kinaficha. Mabaki ya divai kwenye kitako hayaonekani kutoka pembeni, lazima utazame ndani kwa juu, kimoja kimoja, kwenye mwanga mzuri. Wahudumu wavivu hawatafanya hivyo, na ndiyo maana kwa kanisa ambalo halina uhakika na timu yake ya kuosha, kioo ni bora kwa kuwa uchafu utajionyesha wenyewe.

Ukiniuliza nichague kimoja: chuma cha pua cha 304 chenye mdomo uliosuguliwa, kwa timu yenye nidhamu. Kioo kinafuata kwa karibu sana. Vikombe vya plastiki nene ya polipropilini, namba 5, vinavumilia maji yanayochemka na ni vyepesi, lakini baada ya muda hukwaruzika ndani na kushika wekundu wa divai. Ni daraja la kuvukia tu kwa kanisa lisilo na uwezo wa kununua chuma mara moja. Vya mbao vina vinyweleo vinavyonyonya divai, havitakasiki vizuri, viachwe vipambe kabati.

Kabla ya kulipia chochote, pima sinia ulilo nalo. Masinia mengi yana matundu 40, lakini upana wa tundu si mmoja kwa watengenezaji wote. Kikombe cha kioo chenye ukuta mnene huweza kukwama, na cha chuma chembamba huweza kuzama mpaka vidole visipate pa kushika. Omba kikombe kimoja cha sampuli, kiweke kwenye tundu, lijaze sinia maji na utembee nalo hatua kumi. Weka pia sinia la pili juu yake, maana kikombe kikizidi kimo kwa milimita mbili, sinia la juu linakalia midomo ya vikombe.

Kujaza, theluthi mbili inatosha. Hapo kikombe hubeba mililita 7 hadi 10, kwa hiyo watu 200 wanahitaji kati ya lita 1.4 na lita 2. Anayejaza pomoni anapoteza divai, anachafua sinia, na kuwapa waoshaji kazi maradufu.

Kuosha ndiko kunakoamua kama mpango utadumu. Makanisa mengi yanayorudi kwenye plastiki hayarudi kwa sababu ya gharama. Yanarudi kwa sababu mama mmoja au wawili waliachiwa kuosha vikombe 200 kila mara mpaka wakachoka. Panga watu wanne kwa zamu, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, na zamu iandikwe ubaoni kama ya wasoma somo. Watu wanne wenye vifaa sahihi wanaimaliza kazi bila kuchelewa nyumbani.

Kwanza ni mabaki. Kila dhehebu lina utaratibu wake. Pengine divai iliyobaki hunywewa yote na wahudumu, pengine humwagwa ardhini kwa heshima. Ufuate wa kwenu kabla maji ya sabuni hayajagusa kitu. Kisha suuza mara moja, siku hiyo hiyo, kwa maji yasiyo ya moto. Divai na juisi zikikauka huacha duara jekundu kwenye pembe ya kitako, mahali ambapo kidole cha mtu mzima hakifiki. Kwa pembe hiyo tumia brashi nyembamba ya kusafishia chuchu za chupa za watoto, na usitumie steelwool, hukwaruza kioo na chuma pia.

Beseni tatu za lita 10 zinatosha kwa vikombe 200. Ya kwanza ni maji ya moto yenye sabuni ya maji kidogo, ya pili ni ya kusuuza, ya tatu ni ya kutakasa. Kutakasa kwa joto ni kuzamisha kwenye maji ya nyuzi 77 au zaidi kwa sekunde 30. Weka vikombe kwenye kikapu cha waya ili usiunguze mikono na ili vyote vizame pamoja. Vya chuma unaweza kuvizamisha kwenye maji yanayochemka moja kwa moja. Dawa ya klorini nayo hutakasa, lakini isiachwe kwenye chuma cha pua usiku kucha. Klorini hutoboa chuma vijishimo vidogo vya rangi ya kahawia, na kijishimo kikishaanza hakizibiki. Masinia ya alumini yaoshwe peke yake kwa sabuni ya kawaida, sababu klorini na sabuni kali ya mashine huyafanya meusi na yakaanza kuchafua vidole vya mashemasi.

Kukausha, usifute. Taulo huacha nyuzi, na taulo moja kwa vikombe 200 hurudisha vijidudu ulivyoviondoa. Vipindue kwenye wavu wenye nafasi chini. Vikipinduliwa juu ya kitambaa bapa, unyevu hubaki ndani na kutoa harufu ya uvundo utakapofungua kabati mwezi ujao. Usivipange kimoja ndani ya kingine mpaka vikauke kabisa. Chuma kibichi kikiingia ndani ya kingine hubana, na kukitoa kunakipinda mdomo.

Kikombe kimoja cha pamoja, kwa makanisa yaliyokishika tangu zamani, kina taka kidogo kuliko vyote, na kinafaa kiendelee pale ambapo kipo. Mhudumu apanguse mdomo wa kikombe kwa kitambaa safi cha kitani baada ya kila mshirika, akizungusha kikombe kidogo ili anayefuata asinywee palepale, na mwenye mafua ajizuie. Kuwalazimisha waliozoea vikombe vidogo wahamie kikombe cha pamoja kwa sababu ya mazingira peke yake hakufai. Kutazua ugomvi wa mafundisho usiohusiana na taka.

Wazee wa kanisa watauliza kama haya ni mambo ya kiroho. Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu bustanini "ailime na kuitunza", na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kuitunza" ndilo lile lililo kwenye baraka ya Hesabu 6:24, "BWANA akubariki, na kukulinda". Tunaotamkiwa baraka hiyo mwishoni mwa ibada tumeagizwa kuitendea ardhi vivyo hivyo. Na Yesu alipowalisha watu elfu tano aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu, ingawa alikuwa ametoka kuonyesha kwamba mkate kwake haupungui. Kama unatafuta siku ya kuanza, Septemba 1 inafaa. Patriaki Dimitrios I wa Konstantinopoli aliitenga mwaka 1989 iwe siku ya kuombea uumbaji, na Papa Fransisko akaipokea kwa Wakatoliki mwaka 2015.

Kuna hali ambapo seti ya kudumu si jibu la haraka. Chuma na kioo hutumia nishati nyingi zaidi kutengenezwa kuliko kikombe kimoja cha plastiki, na faida yake huja kwa kutumika tena na tena. Usharika mdogo unaoshiriki mara mbili kwa mwaka usinunue seti yake, ushirikiane moja na sharika jirani, kila mmoja ukichagua Jumapili yake. Penye uhaba mkubwa wa maji, beseni tatu ni mzigo wa kweli, na hapo tangi la kuvuna maji ya paa lije kwanza. Kujua lini gharama itarudi, gawanya bei ya seti nzima pamoja na beseni, brashi na wavu kwa kile mnacholipia vikombe vya kutupa kwa mwezi. Jibu ni idadi ya miezi. Ikizidi 60, angalieni upya idadi mliyopanga kununua, huenda mmehesabu waliomo kwenye daftari badala ya wanaofika mezani.

Katoni za plastiki zilizokwisha kununuliwa zisitupwe siku seti mpya inapofika. Zitumieni ziishe, au tengeni moja kwa ajili ya sikukuu ambapo wageni huzidi vikombe vilivyopo, na iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito ili mweka hazina asiagize nyingine kwa mazoea.